Bandu Bandu Huisha Gogo: Mazungumzo Juu ya Kuyaacha Mazoea Mabaya



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya mazoea mabaya, na jinsi imani ya Kikristo pamoja na hekima zinavyoweza kumsaidia mtu kuyaacha. Hatuneni juu ya kosa la siku moja, ambalo mtu hulitenda kwa ghafula, akalijutia, asilirudie tena. Twanena juu ya kosa lile lile moja linalorudiwa leo na kesho na keshokutwa, hata mwenyewe amechoka nalo, na jamaa zake wamechoka kuzisikia ahadi zake. Mmoja ana ulevi, mwingine kamari, mwingine uongo, mwingine hasira, mwingine kukopa asilipe, mwingine kusengenya. Kila mtu na lake. Wala tusidhani ya kuwa jambo hili ni la wahuni tu. Liko sokoni, liko ofisini, na kanisani pia liko, kiti cha mbele na kiti cha nyuma.

Twamjua fundi seremala mmoja, ambaye jina lake hatulitaji. Ni mtu mpole, na kazi yake ni njema; mlango alioutengeneza yeye hufungika bila kusukumwa. Zamani alikuwa akipokea ujira wake kila Jumamosi alasiri, na njia ya kurudi kwake ilipita mbele ya kilabu cha pombe. Kila Jumamosi asubuhi alimwahidi mkewe ya kuwa leo atakuja moja kwa moja na fedha yote. Kila Jumamosi usiku alifika akiyumba, mifuko mitupu. Jumapili alikwenda kanisani, akaketi nyuma kabisa, akalia. Jumatatu aliweka nadhiri. Karo ya mtoto wake wa kwanza ilipotea kwa njia hiyo, na mtoto akarudishwa nyumbani kutoka shuleni mara mbili katika mwaka mmoja.

Siku moja alitujia, akasema: "Mwalimu, naomba uniambie kweli. Machozi yangu ya Jumapili na miguu yangu ya Jumamosi, ni kipi kinachosema kweli juu yangu? Maana kama mimi ni mnafiki, afadhali niache kwenda kanisani, nisiongeze dhambi juu ya dhambi."

Wasikilizaji, swali hilo ndilo lililotuleta kwenu jioni hii, kwa kuwa twajua ya kuwa wako wengi wanaojiuliza vivyo hivyo, ila hawana wa kumwuliza.

Jibu letu lilikuwa hili: wewe si mnafiki. Mnafiki hulia mbele za watu, akacheka akiwa peke yake. Wewe ni mtu aliyefungwa. Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi, aeleza hali iyo hiyo, ya kuwa mtu aweza kulipenda jema kwa moyo wake, na walakini akajikuta akitenda ovu analolichukia. Wala hakuyaandika hayo ili watu wakate tamaa, kwa maana sura ya 8 yafuata papo hapo, nayo yaanza kwa kuwatangazia walio wa Kristo ya kuwa hukumu imeondolewa juu yao. Basi mtu aliaye Jumapili asiache kuja kanisani. Aje, tena asogee mbele kidogo.

Lakini ili tuweze kulifungua fundo, kwanza yatupasa kutazama lilivyofungwa. Yuko mtu mmoja wa zamani aliyelichunguza jambo hili kuliko wengi, naye alikuwa mzaliwa wa bara letu la Afrika. Ndiye Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo waitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Baadaye alikuwa Askofu wa Hippo, mji wa pwani ambao leo waitwa Annaba, hata alipokufa mwaka 430. Karibu na mwaka 400 aliandika kitabu kiitwacho Maungamo, akaeleza maisha yake mbele za Mungu bila kumficha msomaji aibu zake.

Katika kitabu hicho asimulia habari ya mama yake, Monika, alipokuwa msichana. Wazazi wake walimwona kuwa mtoto mwenye kiasi, kwa hiyo walimtuma kuteka divai katika pipa. Kabla ya kuimimina, yeye alikuwa akiigusa kwa midomo, kidogo tu. Hakuwa na kiu ya divai. Ulikuwa utundu wa kitoto. Lakini kila siku aliongeza kidogo juu ya kile kidogo cha jana, hata akafika kunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Wahenga wetu walikwisha kusema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapana aliyejua ila kijakazi mmoja aliyekuwa akienda naye pipani. Siku moja wakagombana, na yule kijakazi, kwa kutaka kumwumiza, akamwita mlevi. Neno lile lilimchoma Monika moyoni. Akajitazama, akaona ya kuwa ni kweli, akaacha.

Habari hii ni fupi, nayo yatufundisha mambo mawili. Kwanza, mazoea hayaanzi kwa kikombe kilichojaa. Huanza kwa kugusisha midomo. Pili, siku Monika alipoanza kupona ni siku jambo lake lilipopewa jina lake.

Augustino mwenyewe hakupona upesi kama mama yake. Aeleza ya kuwa alikuwa amefungwa kwa mnyororo, tena mnyororo alioufua yeye mwenyewe, pete moja ikishika pete nyingine. Mtu hutaka, kisha hukifuata anachokitaka, kisha hukizoea, na mwisho huona hawezi kukaa bila hicho. Asimulia pia ya kuwa alikwisha kujua njia ya Kristo ni kweli, lakini alikuwa kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Mtu huyo hakatai ya kuwa kumekucha, wala hasemi ya kuwa kulala ni bora kuliko kuamka. Avuta shuka tu, akiomba aachwe kidogo tena. Hata katika ujana wake alikuwa amemwomba Mungu ampe usafi wa mwili, illa asimpe upesi.

Tusimcheke. Ni nani kati yetu asiyepata kusema, "Nitaacha, lakini baada ya sikukuu," au, "Kuanzia mwezi ujao"? Yule fundi wetu alisema hivyo miaka mingi. Shida ya nadhiri za namna hii ni kwamba anayeziweka na anayezitimiza ni kama watu wawili. Nadhiri huwekwa Jumatatu, na mtu aliyejaa majuto, ambaye hana hata senti mfukoni. Vita hupiganwa Jumamosi, na mtu aliyechoka, mwenye fedha mkononi, anayeitwa kwa jina na rafiki zake. Yule wa Jumatatu humwahidia yule wa Jumamosi mambo ambayo hakumpa nguvu ya kuyafanya.

Basi imani yaingia wapi? Wako watu wanaodhani ya kuwa imani ni kama hirizi. Wakisha kuombewa mara moja, wangoja tamaa ikome yenyewe, na isipokoma wasema wamedanganywa. Wengine wadhani ya kuwa imani ni kujikaza, kuuma meno na kukunja ngumi. Yote mawili si imani.

Turudi kwa Augustino. Mwezi wa Agosti mwaka 386, katika mji wa Milan, nchi ya Italia, alikuwa bustanini pamoja na rafiki yake Alypius. Akaenda kando, akajitupa chini ya mtini, akalia kwa kuwa alikuwa ameshindwa kabisa. Hapo akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia rudia maneno ya kumwagiza achukue asome. Akakichukua kitabu cha Nyaraka za Paulo, akasoma mahali palipofunguka. Ilikuwa ni mwisho wa sura ya 13 ya Warumi, panapowaagiza watu waache karamu za ulevi na uasherati na ugomvi, wamvae Bwana Yesu Kristo. Mashaka yake yakamwondoka. Katika Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na Ambrosi, Askofu wa Milan.

Tuangalieni vema maneno yaliyomfikia. Hayakusema "vua" tu. Yalisema pia "vaa". Kwa miaka mingi alikuwa akijaribu kuvua, akabaki uchi, akaona baridi, akazirudia nguo zake mbovu. Siku ile alipewa vazi. Naam, ndiyo kazi ya kwanza ya imani: kumhakikishia mtu ya kuwa amekwisha kupokelewa kabla hajapona. Mtu anayeogopa kufukuzwa hulificha kosa lake, na mazoea mabaya hukua gizani kama uyoga. Lakini mtu anayejua ya kuwa amesamehewa aweza kulitazama kosa lake machoni, akalitaja, akaomba msaada. Msamaha hautuletei uvivu. Watupa ujasiri wa kutoka nje.

Wala tusidhani ya kuwa baada ya ubatizo Augustino hakujaribiwa tena. Katika kitabu kile kile, akiwa askofu, aungama ya kuwa angali akipambana na tamaa ya chakula na kupenda kusifiwa na watu. Mungu alimpa mlango. Njia alipaswa kuitembea kwa miguu.

Wako watu ambao zoea moja huwatoka kwa siku moja, na jingine hukaa nao miaka arobaini. John Newton, Mwingereza, alizaliwa London mwaka 1725, akawa baharia mwenye kinywa kichafu mno. Mwezi wa Machi mwaka 1748 merikebu yake ilipigwa na tufani katika bahari ya Atlantiki, naye akamlilia Mungu. Tangu hapo, kwa masimulizi yake mwenyewe, zoea la kuapa na kukufuru likamtoka. Lakini sikilizeni lililofuata. Mtu huyo huyo, akisali na kusoma Biblia, alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa tangu mwaka 1750 hata 1754, akiwanunua Waafrika katika pwani ya magharibi na kuwavusha bahari. Alipoacha ubaharia, ugonjwa ndio uliomwachisha. Baadaye akawa kasisi. Na hata mwaka 1788 ndipo alipotoa kijitabu cha kuungama mbele ya watu wote na kuipinga biashara ile. Aliishi mpaka sheria ya Bunge la Uingereza ikaipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, akafa mwezi wa Desemba mwaka huo huo.

Kwa nini zoea la kinywa liliondoka upesi, na zoea la mkono likangoja miaka arobaini kutajwa jina lake? La kwanza lilimletea aibu. La pili lilimletea mshahara na heshima, na watu wa mji wake hawakuliona kuwa ovu. Basi tusiulize tu, "Ni mazoea gani yanayotuaibisha?" Tuulize pia, "Ni yapi yanayotufaidia?" Karani azoeaye kupokea kitu kidogo kabla ya kutoa cheti, na bwana azoeaye kumcheleweshea mtumishi wake wa nyumbani ujira, huenda wakamhubiria mlevi usiku kucha. Walakini nao wamefungwa, ila mnyororo wao umepakwa dhahabu.

Sasa tufike kwenye hekima. Imani hutupa moyo wa kuanza. Hekima hutufundisha mahali pa kuweka miguu. Twataka kutoa mashauri matano.

Shauri la kwanza: lipe jambo jina lake. Watu husema, "Nilipitiwa," au, "Ni mambo ya vijana," au, "Nilikunywa kidogo cha kuondoa uchovu." Maneno haya ni mablanketi ya kulifunika kosa lisipate baridi. Mtu aketi mbele za Mungu aseme: mimi ni mlevi, mimi ni mwongo, mimi ni mcheza kamari. Kisha asiishie hapo, bali aseme: nami ni mwana wako. Aseme yote mawili. Jina la kwanza bila la pili huleta kukata tamaa; la pili bila la kwanza huleta kujidanganya.

Shauri la pili: badili njia. Augustino asimulia habari nyingine ya rafiki yake Alypius, alipokuwa kijana katika mji wa Roma. Aliichukia michezo ambayo ndani yake watu walipigana kwa silaha hata kuuana mbele ya watazamaji. Siku moja rafiki zake wakamvuta kwa nguvu wakamwingiza. Yeye akawaambia ya kuwa mwili wake waweza kuupeleka, lakini macho yake hayatatazama, akayafumba. Ole wake, masikio hakuyaziba. Mpiganaji mmoja alipoanguka, umati ukapiga ukelele mkubwa, naye akafumbua macho aone tu ni kitu gani. Basi akanaswa. Tangu siku ile yeye ndiye aliyewavuta wengine kwenda.

Hekima haiendi kilabuni ikafumba macho. Hekima hupita njia nyingine. Kwa hiyo hatukumwuliza yule fundi, "Moyo wako una nguvu kiasi gani?" Tulimwuliza, "Ukitoka kazini wapita wapi?" Akatuambia ya kuwa iko njia ya nyuma ya soko, ila yamzidishia robo saa. Tukamwambia, "Hiyo ndiyo njia yako." Tena akakubali, kwa aibu kubwa, ya kuwa mkewe amkute kazini kila Jumamosi, wapokee ujira wakiwa wawili. Mafundi wenzake walimcheka Jumamosi mbili tatu, kisha wakachoka kucheka. Na yule anayecheza kamari kwa simu, kilabu chake ki mfukoni mwake. Basi avunje njia hiyo, afute michezo hiyo katika simu yake, na fedha yake mtu mwingine amshikie. Ufa huzibwa ungali mdogo. Asiyeuziba atajenga ukuta.

Shauri la tatu: usiache nafasi tupu. Katika sura ya 11 ya Injili ya Luka, Bwana Yesu atoa mfano wa pepo mchafu aliyemtoka mtu. Akarudi akaikuta nyumba ile imefagiwa na kupambwa, akaenda akachukua pepo wengine saba, waovu kuliko yeye, na hali ya mtu yule ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Mtu aliyeacha pombe, asiweke kitu mahali pake, amefagia tu. Zile saa nne za Jumamosi zangali zipo, na zataka kujazwa. Fundi wetu alianza kutengeneza viti vya kanisa vilivyovunjika, na watoto wanne wa mtaani wakaja kujifunza kushika randa. Mwenye kusengenya naye, akikaa kimya tu, atalipuka siku ya tatu. Na ajizoeze kumtaja mtu asiyekuwapo kwa jema analolijua juu yake.

Shauri la nne: usipigane peke yako. Mwezi wa Mei mwaka 1935 mtu mmoja wa New York, jina lake Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, huko Ohio, nchi ya Marekani, kwa shughuli ambayo ilikuwa imemharibikia. Alikuwa mlevi aliyeacha pombe kwa miezi michache. Akasimama katika ukumbi wa hoteli. Upande mmoja palikuwa na baa yenye kelele za furaha, upande mwingine simu. Akaona ya kuwa akiendelea kusimama pale peke yake ataingia baa. Akaiendea simu, akawapigia wachungaji wa makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine azungumze naye. Ndivyo alivyokutana na daktari mmoja wa mji huo, Bob Smith, naye alikuwa amezama katika pombe. Kuonana kwa watu hawa wawili ndiko kulikozaa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambacho leo kimeenea duniani, nacho huhesabu mwanzo wake tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo daktari yule alikunywa pombe mara ya mwisho. Jambo la kustaajabisha ni hili: Wilson hakutafuta mtu mwenye nguvu wa kumshika mkono, alitafuta mdhaifu mwenzake amsaidie, na kwa kumsaidia akasimama yeye mwenyewe. Yakobo naye, katika sura ya 5 ya waraka wake, aliwaagiza Wakristo waungamiane na kuombeana ili waponywe.

Hapa twaongeza neno moja la tahadhari. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akikatiza kwa ghafula, mwili wake waweza kupatwa na hatari kubwa, kama kutetemeka, kifafa na kuweweseka. Mtu kama huyo na aende kwa daktari kabla ya kuacha. Kwenda hospitali si upungufu wa imani; Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Shauri la tano: ukianguka, inuka siku iyo hiyo. Kitabu cha Mithali, sura ya 24, chafundisha ya kuwa hata mwenye haki huanguka mara saba, akainuka tena. Mtu akisha kuanguka mara moja, adui humnong'oneza: "Umekwisha kuharibu, maliza tu juma hili, uanze upya Jumatatu." Uongo huu umewapoteza wengi kuliko kosa lenyewe. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha London walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya, kama kunywa maji au kutembea kila siku kwa saa ile ile. Waliona ya kuwa kwa kadiri ilichukua siku 66 hivi zoea kushika. Kwa wengine siku 18, na kwa wengine ilikadiriwa hata 254. Tena waliona ya kuwa aliyekosa siku moja hakuiharibu kazi yake, maadamu aliendelea. Haya ni ya zoea jema la kujengwa, wala si ya ulevi. Hata hivyo yatutia moyo. Siku moja iliyopotea si safari iliyopotea.

Wasikilizaji, tusije tukaonekana kama watu wasimamao ufukoni wakiwafundisha wengine kuogelea. Sisi wenyewe tulikuwa na zoea letu. Nje tulisifiwa kwa upole. Nyumbani ulimi wetu ulikuwa kama wembe. Kila jioni lilikuwapo la kukemea: chumvi, taa, kelele za watoto. Tuliomba msamaha mara nyingi, na kesho yake tukarudia. Siku moja tulirudi mapema, na tulipokuwa tukibisha hodi tukasikia vicheko ndani vikikatika ghafula, na mtoto wetu mdogo akiwaambia wenzake kwa kunong'ona, "Nyamazeni, baba amekuja." Yule mtoto ndiye aliyekuwa kijakazi wetu pale pipani. Alituita jina letu bila kukusudia.

Tulifanya nini? Tulimwambia mke wetu kosa letu kwa jina lake. Tukamwomba mzee mmoja wa kanisa atuulize kila Jumapili, "Juma hili ulimi ulikuwaje?", wala asikubali jibu la "mzuri tu". Tukajizoeza kusimama mlangoni kabla ya hodi, kusali sala fupi, na neno letu la kwanza ndani ya nyumba liwe la shukrani. Mara nyingi tulishindwa, na siku iyo hiyo tukaomba radhi, hata kwa mtoto. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla ya kusikia vicheko vikiendelea baada ya sisi kuingia.

Na ninyi mnaoishi na mtu aliyefungwa, twawaomba msiyaige maneno ya yule kijakazi. Augustino asema wazi ya kuwa kijakazi alitaka kuumiza tu. Mungu ndiye aliyeutumia ukali wake kuponya. Matusi mengi hayaponyi. Humrudisha mtu kwenye kile alichokuwa akikimbia. Mwambieni kweli, tena mara moja, naye akiwa hajalewa. Msimlipie kila deni analolifanya. Bali siku atakaporudi nyumbani mapema, pawe na chakula cha moto na uso mkunjufu, aone ya kuwa kurudi kuna faida.

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Methali hii mara nyingi huonya, kwa maana ndivyo mali na heshima ya mtu vinavyokwisha, kibanzi kwa kibanzi. Walakini yatufariji pia. Mazoea yaliyojengwa kidogo kidogo hubomolewa kidogo kidogo. Hatuombwi kulibeba gogo zima kwa siku moja. Twaombwa kulipiga shoka la leo; na Mungu, aliyetupokea kabla hatujaanza, ndiye atupaye mkono wa kulishika.

Je, yule fundi? Huu ni mwaka wa tatu. Katika mwaka wa kwanza alianguka mara mbili, na mara zote mbili alikuja kwetu kabla ya jua la kesho yake kuchwa. Mtoto wake yumo shuleni, na karo imelipwa. Juzi tulimwuliza kama aweza sasa kupita njia ya zamani bila hofu. Akatabasamu, akasema, "Mwalimu, sijui, wala sina haja ya kujua. Njia ya nyuma ya soko yafika nyumbani."

Kwaherini, wasikilizaji wetu. Mungu awajalie usiku mwema.